Ukaguzi wa Mwisho wa Nyumba Iliyoongezwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimesimamia ujenzi wa nyumba kwa miaka mingi, na mara nyingi nimesimama pamoja na mwenye nyumba siku mkaguzi anapoingia na jalada lake. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa na watu walioongeza chumba, wakapanua jiko au wakapandisha ghorofa juu ya nyumba wanayoishi. Vipimo ninavyotaja vinatoka katika kanuni zinazotumika sana, hasa za Marekani na Uingereza. Vinavyokubana wewe ni vile vya kibali chako na michoro yako iliyogongwa muhuri. Pale vinapopishana na vyangu, fuata vyako.

Ukaguzi wa mwisho ni nini hasa?

Ni ziara ya mkaguzi wa majengo baada ya kazi kukamilika. Anakuja kulinganisha michoro iliyoidhinishwa, masharti ya kibali na jengo lililosimama mbele yake. Ukaguzi wa awali ulikwenda kipande kwa kipande: mtaro wa msingi, nondo kabla ya zege kumwagwa, kenchi za paa, mabomba na nyaya kabla ya plasta. Huu wa sasa unauliza kama vipande hivyo vimekuwa nyumba ambayo mtu anaweza kulala ndani yake bila hatari. Akiridhika, unapewa cheti. Kuna mahali kinaitwa cheti cha ukamilishaji, kwingine cheti cha kuruhusu makazi.

Uzuri haumhusu. Rangi yenye mabaka na vigae vilivyopishana mistari ni jambo lako na fundi wako.

Lazima kila kitu kiwe kimekwisha kabla sijamwita?

Kila kinachogusa usalama, afya na uimara, ndiyo. Makabati, mapazia na mkono wa pili wa rangi vinaweza kusubiri. Reli ya ngazi haiwezi kusubiri, wala mfuniko wa soketi, wala kitasa cha mlango wa kutokea nje. Watu wengi huliweka fungu hili la mwisho pamoja na mapambo, na hapo ndipo ukaguzi unapokwama.

Kipimo changu ni hiki: ukikabidhi chumba hicho leo usiku kwa mama yako mzee na mtoto wa miaka miwili, kuna kitu utakachowaonya wasikiguse au wasikikaribie? Kama kipo, bado hujawa tayari.

Fundi alifunika ukuta kabla ya ukaguzi wa katikati. Itakuwaje?

Swali hili ndilo zito kuliko yote, na ningependa kila mtu alisome kabla hajaanza kujenga.

Mkaguzi hawezi kuthibitisha asichokiona. Kama jalada halina saini yake kwa hatua ya nondo, au ya nyaya na mabomba yaliyomo ukutani, ana haki ya kukutaka ufungue: kubandua jipsamu, kuchimba kando ya msingi, kutoboa plasta. Anaamua yeye kiasi gani kinatosha. Wakati mwingine tundu mbili tatu zinamridhisha. Wakati mwingine ukuta mzima hushuka.

Kinachoweza kukuokoa ni ushahidi wa wakati ule. Picha zilizopigwa kabla ya kufunika zina thamani kubwa, hasa zikiwa na tarehe, zikionyesha tepu ikiwa imewekwa juu ya kitu kinachopimwa, na zikiwa na alama inayotambulika, mfano dirisha au kona, ili ijulikane ni ukuta upi. Picha ya nondo isiyoonyesha iko wapi ni picha ya nondo tu. Barua ya mhandisi miundo aliyefika siku ile na kuona kwa macho yake ina uzito zaidi, kwa sababu anaweka taaluma yake nyuma ya maneno yake. Mhandisi asiyefika hawezi kuandika barua hiyo kwa uaminifu, na usimwombe.

Ikiwa hakuna picha wala barua, mpigie mkaguzi mapema na umweleze. Hilo ni gumu kulisema, najua. Lakini mtu anayeambiwa kabla hutafuta njia pamoja nawe. Anayegundua mwenyewe huanza kutilia shaka hata vitu vilivyo sawa. Na ikiwa bado hujafika hapo, yaani kuta zako bado ziko wazi leo, simamisha kazi, piga picha kila ukuta, kisha hakikisha ukaguzi umefanyika na umeandikwa. Ukaguzi wa mwisho hupita au kukwama siku ile ile ukuta unapofunikwa.

Niandae nyaraka gani?

Weka kila kitu ndani ya faili moja, juu ya meza, karibu na mlango. Anza na kibali chenyewe na michoro yenye muhuri, nakala ile ile iliyoidhinishwa, si ile aliyochora fundi kwa penseli kazini. Fuatisha kumbukumbu za ukaguzi uliopita, pamoja na zile ambazo mkaguzi alitoa maagizo na wewe ukayatekeleza.

Kisha vyeti vya waliofanya kazi za kitaalamu: cheti cha vipimo vya umeme, cha gesi kama ipo, matokeo ya kupima mabomba kwa shinikizo. Kama zege lilipimwa, weka ripoti za maabara; kwa kawaida vipande vya majaribio huvunjwa siku ya 7 na siku ya 28, na namba ya siku ya 28 ndiyo inayolinganishwa na nguvu aliyoitaka mhandisi. Kama paa limeundwa kwa kenchi za kiwandani, weka michoro ya kiwanda. Kama udongo ulipigwa dawa ya mchwa, weka risiti na maelezo ya dawa.

Anayesahaulika zaidi ni mhandisi miundo. Uliondoa ukuta uliobeba uzito wa juu ili jiko lifunguke, ukaweka boriti ya chuma. Mahesabu ya boriti hiyo yako wapi? Mkaguzi atayaomba, na kumtafuta mhandisi aliyekwisha kuhamia kazi nyingine huchukua wiki.

Nilibadilisha ramani kidogo katikati ya kazi. Atagundua?

Atagundua. Dirisha lililosogea mita moja, mlango uliopanuliwa, choo kilichoongezwa chini ya ngazi, vyote hivyo huonekana dakika tano za kwanza, maana ameshika mchoro mkononi.

Mabadiliko mengi yenyewe hayana ubaya. Tatizo ni kutosemwa. Dirisha likisogea, linta juu yake, yaani boriti fupi inayobeba ukuta juu ya uwazi, imesogea nayo, na huenda mzigo wa paa sasa unashukia mahali pasipo na kitu cha kuupokea. Mwombe mchoraji wako atayarishe mchoro wa jengo kama lilivyojengwa, uwasilishe ofisini kwa ajili ya marekebisho ya kibali, na usubiri jibu kabla ya kuomba ukaguzi. Mabadiliko yanayogusa nguzo, boriti, msingi, umbali kutoka mpakani au idadi ya vyumba vya kulala hayaendi bila idhini, hata yawe madogo machoni pako.

Naweza kujikagua mwenyewe kwanza?

Unaweza, na nakusihi ufanye hivyo wiki mbili kabla, ili ubaki na muda wa kurekebisha. Chukua tepu, pimamaji, tochi, ndoo ya maji, na mpira au kipande cha mbao chenye upana wa milimita 100 kamili.

Mpira huo upitishe kwenye kila uwazi wa reli za ngazi na za roshani. Ukipenya, kichwa cha mtoto mchanga kinaweza kupenya. Kanuni za Uingereza zinataka kitu cha milimita 100 kisipite. Za Marekani zinasema inchi 4, ambazo ni karibu sawa. Pima kila kipandio cha ngazi kwa tepu, kimoja baada ya kingine, usipime kimoja ukadhani vingine vimefanana. Mwaga maji ya ndoo kwenye sakafu ya bafu utazame yanakoelekea. Jaza sinki, lifungulie kwa mara moja, usikilize: mlio wa kugugumia kwenye bomba la jirani unaonyesha kwamba hewa haipiti vizuri na maji ya kwenye mtego, ile kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia harufu, yanavutwa. Panda darini na tochi mchana, uzime tochi. Ukiona mwanga unapenya mahali ambapo haukukusudiwa, mvua nayo itapenya.

Fungua na ufunge kila mlango na kila dirisha. Madirisha yaliyogandishwa na rangi ni mengi kuliko unavyodhani.

Kwenye umeme anaangalia nini?

Mara nyingi mkaguzi wa majengo hapimi umeme mwenyewe. Anataka cheti cha fundi aliyesajiliwa, kisha anatazama kwa macho kama kilichoandikwa kinafanana na kilichopo. Cheti kizuri kinaonyesha kwamba waya wa ardhini umeunganika mpaka soketi ya mwisho, kwamba nyaya hazijapishanishwa, na kwamba ukinzani wa kihami cha nyaya, yaani uwezo wa ngozi ya waya kuuzuia umeme usivuje, uko juu ya kiwango. Kwa saketi za kawaida za nyumbani, kanuni za kimataifa zinataka angalau megaohmu 1 zikipimwa kwa volti 500.

Wewe mwenyewe unaweza kuhakikisha haya: kila saketi breka kwenye sanduku la umeme ina jina linaloeleweka, siyo "taa" mara nne, hakuna tundu lililoachwa wazi kwenye sanduku, kila soketi na swichi ina mfuniko usiolegea. Bonyeza kitufe cha majaribio kwenye kifaa kinachokata umeme unapovuja. Kama hakikati papo hapo, mwite fundi kabla ya mkaguzi. Kifaa hicho, ambacho mara nyingi hukata kwenye miliampia 30, ndicho kinachomtenganisha mtu mwenye mikono mibichi na kifo.

Jambo moja la kuulizia mapema ni kama sanduku la zamani linauweza mzigo mpya. Jiko la umeme na hita ya maji vikiongezwa kwenye nyumba iliyotandikiwa nyaya miaka 30 iliyopita, mara nyingi waya mkuu hautoshi.

Na kwenye maji safi na maji taka?

Mteremko wa mabomba ya maji taka ndiyo kitu cha kwanza. Kwa mabomba madogo ya ndani, kanuni za Marekani zinataka robo inchi kwa kila futi, ambayo ni kama sentimita 2 kwa kila mita. Pungufu ya hapo taka huganda njiani. Kila sinki, bafu na choo lazima kiwe na mtego wenye maji ya kuzuia harufu, kwa kawaida kina cha milimita 50 au zaidi, na njia ya hewa, kwa kawaida bomba la kupumulia linalotokeza juu ya paa. Bomba linaloishia wazi darini halikubaliki. Gesi ya maji taka inaingia chumbani.

Chemba zinastahili maneno zaidi. Ukijenga juu ya eneo lilipokuwa na chemba ya nje, sasa chemba hiyo imo ndani ya nyumba. Nimeona watu wakiweka vigae juu yake na kuisahau. Inatakiwa ama ihamishwe nje, au ipewe mfuniko wa ndani uliofungwa kwa skrubu na usiopitisha harufu, na ibaki inafikika. Bomba la zamani linalopita chini ya msingi mpya nalo linahitaji kulindwa lisibebeshwe uzito wa ukuta. Kama jambo hili halikushughulikiwa wakati wa msingi, rudi kwenye swali la ukuta uliofunikwa.

Kwa nini ngazi hurudisha watu wengi nyuma?

Kwa sababu mguu una kumbukumbu. Ukipanda vipandio vitatu vya kimo kimoja, mguu unategemea cha nne kiwe vilevile, na kikizidi hata kidogo unajikwaa. Ndiyo maana kanuni za makazi za Marekani haziruhusu tofauti ya zaidi ya milimita 9.5 kati ya kipandio kirefu na kifupi katika ngazi moja. Kimo cha juu kabisa huko ni milimita 196. Uingereza ni milimita 220, na mwinuko wa ngazi nzima usizidi nyuzi 42.

Kosa huzaliwa mwishoni. Ngazi ilimwagwa sawa, kila kipandio milimita 180. Kisha vigae vikawekwa kwenye sakafu ya chini na siyo kwenye ngazi, kipandio cha kwanza kikabaki milimita 160. Juu nako sakafu ya mbao ikainua, cha mwisho kikawa 195. Hakuna aliyekosea peke yake, lakini ngazi imeharibika. Kabla ya kumwaga ngazi, mwambie fundi unene wa sakafu utakayoweka juu na chini, hata kama vigae hujavinunua.

Kimo cha kupitisha kichwa ni mita 2 au zaidi kidogo kote njiani, pamoja na chini ya boriti. Reli ya kushika iwe mfululizo, ikae karibu na milimita 900 juu ya ncha za vipandio, na isiyumbe ukiisukuma kwa nyonga. Mkaguzi ataisukuma.

Usalama wa moto unahusu nini kwenye nyongeza ndogo?

Unahusu muda. Moto wa nyumbani humpa mtu dakika chache, na kila kitu katika sehemu hii kipo ili kuzirefusha dakika hizo au kumwamsha mapema.

Anza na ving'ora vya moshi. Kanuni za makazi za Marekani zinataka kimoja katika kila chumba cha kulala, kimoja nje ya vyumba hivyo, na kimoja kila ghorofa, vyote vikiwa vimeunganishwa ili kimoja kikilia vilie vyote. Kinachowashangaza wengi ni kwamba huko, ukiomba kibali cha kuongeza chumba, nyumba nzima inatakiwa iwe na ving'ora, siyo chumba kipya peke yake. Tazama tarehe iliyo nyuma ya ving'ora vyako vya zamani. Kikipita miaka 10, kibadilishe. Penye jiko la gesi, hita ya gesi au gereji iliyoungana na nyumba, uliza pia kuhusu king'ora cha kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi.

Chumba cha kulala kinahitaji njia ya pili ya kutokea, na kwa kawaida ni dirisha. Uingereza inataka uwazi wa angalau mita za mraba 0.33, usiopungua milimita 450 kwa upana na kwa kimo. Marekani ni pakubwa zaidi: mita za mraba 0.53, kimo milimita 610, upana milimita 508. Pima uwazi wenyewe dirisha likiwa wazi kabisa, usipime fremu. Dirisha la kuteleza hukupa nusu tu. Vyuma vya kuzuia wezi visivyofunguka kutoka ndani bila ufunguo vinaliondolea dirisha kazi hiyo. Nalisema hili kwa uchungu, maana vyuma hivyo huwekwa kwa upendo, na familia hushindwa kutoka kwa sababu yake. Vipo vyenye bawaba na komeo la ndani. Weka hivyo.

Boriti ya chuma uliyoiweka juu ya uwazi mpya nayo ifunikwe kwa jipsamu inayostahimili moto au rangi maalumu, kwa muda uliotajwa kwenye mchoro. Chuma hakiungui, ila kikifika nyuzi joto 600 hivi kimekwisha kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Mwisho, mlango kati ya gereji na nyumba uwe wa kuzuia moto, na kama kanuni yako inataka ujifunge wenyewe, usiuwekee kigingi siku ya ukaguzi. Usiuwekee siku nyingine yoyote.

Ana haki ya kuingia nyumba ya zamani?

Pale kazi mpya ilipoigusa, ndiyo. Usimwoneshe chumba kipya ukafunga milango mingine.

Nyumba ya zamani huathirika kwa njia ambazo mwenye nyumba hazioni. Dirisha la chumba cha kulala lililokuwa likitazama nje sasa linatazama sebule mpya. Chumba hicho kimepoteza mwanga, hewa na njia ya kutokea kwa mpigo. Feni ya bafu iliyokuwa ikitoa unyevu nje sasa inautoa ndani ya dari mpya. Bomba la moshi la hita ya gesi liko nusu mita kutoka dirisha jipya. Haya ndiyo makosa ninayoyaogopa zaidi, kwa sababu kila kazi ikitazamwa peke yake inaonekana safi.

Mahali kuta mbili zinapokutana patakuwa na ufa mwembamba. Usihangaike kuuficha. Msingi mpya bado unatulia, wa zamani ulikwisha kutulia, kwa hiyo kiungio kinachoruhusu mwendo kinatakiwa kiwepo hapo. Lakini ufa unaopanuka kuelekea juu, au unaozidi milimita 5, usipakwe rangi, muite mhandisi.

Nje nitengeneze nini?

Maji yaondoke ukutani. Kiwango cha ardhi au cha sakafu ya nje kikae angalau milimita 150 chini ya tabaka la kuzuia unyevu, na uwanja uteremke kwenda mbali na nyumba. Kanuni za Marekani zinataka karibu milimita 150 katika mita 3 za kwanza. Kosa la kawaida ni kifusi cha ujenzi kilichosambazwa kando ya ukuta na kupandwa nyasi. Kimelizidi tabaka, na ukuta umeanza kunywa maji. Kiondoe.

Gata ziwe zimefungwa na maji yake yanajulikana yanakokwenda, siyo kwa jirani. Mahali paa jipya linapoungana na ukuta wa zamani pawe na bati la kuziba lililoingizwa ndani ya ukuta. Silikoni iliyopakwa juu juu hudumu msimu mmoja.

Vioo vina masharti?

Vilivyo chini na vilivyo kwenye milango au kando yake viwe vya usalama. Tafuta alama ndogo iliyochongwa kwenye kona ya kioo. Isipoonekana, mkaguzi atakichukulia kuwa kioo cha kawaida, kwa hiyo usiifunike kwa fremu wala stika.

Naweza kuhamia kabla ya cheti?

Mahali pengi hairuhusiwi. Kuna ofisi zinazotoa ruhusa ya muda kwa masharti, mfano wakati kilichobaki ni kazi ya nje tu. Iombe kwa maandishi. Ukihamia kimyakimya na moto ukatokea, kampuni ya bima itauliza kuhusu cheti kabla ya kuuliza kuhusu hasara.

Siku yenyewe awepo nani, na nifanye nini?

Awepo mtu anayeijua kazi na anayeweza kujibu, hasa msimamizi au mkandarasi. Wewe pia uwepo, hata kama huelewi ufundi, kwa sababu utasikia mambo ambayo hutaambiwa baadaye. Umeme na maji viwe vimewashwa. Ngazi ya kupandia darini iwe tayari, chemba ziweze kufunguliwa, mbwa afungwe, vitu vilivyorundikwa mbele ya sanduku la umeme viondolewe.

Mwache atembee kwa utaratibu wake. Akiuliza, jibu unachokijua; usichokijua, sema utamuuliza fundi. Usimwongoze mbali na kona fulani, ana uzoefu wa kuona hilo. Anapotaja kosa, andika maneno yake kama alivyoyasema, na muulize anahitaji kuona nini ili aridhike. Swali hilo moja huokoa safari nyingi.

Fundi ananiambia nimpe mkaguzi kitu kidogo ili apitishe.

Usifanye hivyo. Achana kwanza na sheria, ambayo peke yake inatosha. Huyu ndiye mtu pekee anayelipwa ili aione hatari ambayo wewe huioni na fundi hataki kuitaja. Ukimnunua, unabaki na karatasi, na waya mbovu uko pale pale juu ya kitanda cha mwanao. Na jiulize kuhusu fundi huyo: anajua nini kuhusu kazi yake hata atake isitazamwe?

Nikishindwa?

Utapewa orodha ya marekebisho, kwa kawaida kwa maandishi na muda wa kuyamaliza. Watu wengi hupata orodha mara ya kwanza, hata wenye mafundi wazuri. Rekebisha yote kwa pamoja, piga picha, kisha omba ukaguzi wa marudio. Usimwite kwa nusu ya orodha. Ofisi nyingi hutoza ada kila ziara ya ziada.

Kama unaamini amekosea, mwombe kwa heshima akuoneshe kifungu cha kanuni anachokitumia. Ni haki yako, na wakaguzi wazuri hawachukii. Mkishindwa kukubaliana, ofisi yake ina njia ya rufaa.

Angalia pia tarehe ya kibali. Chini ya kanuni za makazi za Marekani kibali hupoteza nguvu kazi ikisimama siku 180, na nchi nyingine zina vikomo vyao. Marekebisho yakiahirishwa na kuahirishwa, unaweza kujikuta unaomba kibali upya kwa sababu ya reli ya ngazi.

Nimlipe fundi malipo ya mwisho lini?

Baada ya cheti. Liandikeni kwenye mkataba kabla ya jembe la kwanza: sehemu fulani ya malipo inabaki mpaka ukaguzi wa mwisho upite. Fundi aliyelipwa yote ana kazi nyingine tayari, na orodha yako ya marekebisho itakuwa ya jioni na ya Jumapili. Lakini haki iende pande zote mbili. Kama kilichokwamisha ni jambo ulilolitaka wewe kinyume na mchoro, usimzuilie pesa zake kwa ajili hiyo.

Nyongeza ilijengwa na mwenye nyumba wa zamani, bila kibali. Inaweza kukaguliwa sasa?

Mara nyingi ndiyo, kupitia utaratibu wa kurasimisha jengo lililokwisha kujengwa. Itabidi ichorwe kama ilivyo, mhandisi aitazame, na huenda sehemu za kuta na msingi zikafunguliwa. Jengo litapimwa kwa kanuni, na pale lisipofikia utaagizwa uimarishe au, mara chache, ubomoe. Anza na mhandisi wa kujitegemea kabla ya kwenda ofisini, ili ujue unaingia na nini mkononi.

Nimepata cheti. Nikiweke wapi?

Toa nakala tatu: moja na hati ya nyumba, moja kwa kampuni ya bima, moja ya kidijitali nje ya nyumba hiyo. Wajulishe bima kwamba nyumba imekua, maana bima ya zamani inalinda nyumba ya zamani. Faili lote lile la michoro, mahesabu na picha za kuta zikiwa wazi lihifadhi pia. Siku fundi mwingine atakapotaka kutoboa ukuta kutundika rafu, picha hizo ndizo zitakazomwonyesha waya ulipopita.